Kesi ya Jua na Trei ya Mayai

Mtu aliyefanya kazi ya kuita majina ya watu huzeeka, lakini sauti yake hukataa kuzeeka naye. Ndivyo alivyokuwa mzee wa nyumba ya bati jekundu. Maisha yake yote ya kazi alisimama kwenye mlango wa mahakama akiita washtakiwa na mashahidi mara tatu tatu, kisha, kwa sauti ileile isiyo na chuki wala huruma, akitangaza kwamba kesi imeahirishwa. Mahakimu walikuja wakaondoka. Wengine walipanda vyeo, wengine walizikwa, naye alibaki mlangoni akiahirisha. Mtaani hapakuwa na aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Bwana Ahirisha, na mwenyewe aliitika.

Alipostaafu hakuiacha mahakama ilipokuwa. Alirudi nayo nyumbani. Katika nyumba ile hakuna kitu cha maana kilichonunuliwa bila kusikilizwa. Anayetaka kitu alikuwa mlalamikaji, akasimama kando ya kabati la vyombo na kueleza hoja zake. Mashahidi walikaa kwenye kochi. Bwana Ahirisha alikaa nyuma ya meza ya kupigia pasi, mwiko mkononi, akigonga pale watu walipoingiliana maneno. Sheria zilikuwa mbili: watu husimama anapoingia, na hakuna kutoka mpaka baraza liinuke. Binti yao, ambaye sasa ni muuguzi, aliwahi utotoni kufungua kesi ya viatu vya shule, ikaahirishwa na kuahirishwa mpaka miguu ikaipita namba aliyoiomba, ikabidi aanze upya. Kesi ya godoro ilisikilizwa mpaka spring za godoro la zamani zikatoka nje kutoa ushahidi zenyewe.

Ungedhani ni ubahili. Haukuwa ubahili. Bwana Ahirisha alikuwa ameona, miaka nenda miaka rudi, nyuso za watu dakika ile hukumu inaposomwa, akajiambia moyoni kwamba kuahirisha ni namna ya kuwahurumia. Kesi isiyokatwa haijamfunga mtu. Aliliamini hilo kama wengine wanavyoamini kwamba maji ya moto yanaondoa mafua.

Mkewe alikuwa mtu wa mayai. Kwenye stoo iliyopakana na jiko alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku la mbao lenye kioo cha kuchungulia na feni ndogo iliyonguruma kutwa kucha. Binti yao ndiye aliyeileta, akaitangaza kuwa zawadi, maana zawadi haisikilizwi. Vifaranga viliuzwa mtaani na ndivyo vilivyoendesha nyumba, kwani pensheni ya Bwana Ahirisha ilikuwa nyembamba kama uji wa mgonjwa.

Tatizo lilikuwa umeme. Umeme wa mtaa ule ulikuwa kama mgeni mwenye haraka: unabisha, unaingia, unasalimia, unaaga. Ukikaa nje sana, trei nzima inaharibika. Hapo mke wa Bwana Ahirisha hukaa nyuma ya nyumba na kuyapasua mayai moja moja, na ndani ya kila yai anakuta kifaranga kamili, manyoya yamelowa, macho yamefumba, kimekufa kikiwa kimebakiza hatua moja kuja duniani. Alikuwa akivifukia kando ya ukuta. Siku kama hizo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Akafungua kesi. Aliomba paneli za sola juu ya bati, ziendeshe mashine umeme unapokatika.

Kesi iliahirishwa mara ya kwanza kwa sababu shahidi hakufika. Ikaahirishwa tena kwa sababu ni msimu wa mvua na jua halikuwapo kujitetea. Kiangazi kilipoingia ikaahirishwa kwa sababu wakati huo kila mtu analiona jua ni zuri, na huo ungekuwa ushahidi wa upendeleo. Mkewe alivumilia. Mvua zilirudi, na mashine ikiwa na trei iliyobakiza siku chache ivunje maganda, akamwita jirani yao fundi viatu na fundi wa sola mwenyewe, akawaketisha kwenye kochi kabla mumewe hajapata kisingizio. Ilikuwa mchana wa mawingu, baridi imeingia mpaka kwenye mito ya viti.

Bwana Ahirisha aliingia. Wakasimama. Wakaketi.

"Shahidi," alimwambia fundi viatu, "inasemekana wewe unayo paneli."

"Ninayo, mzee. Inafaa sana."

"Inawasha nini?"

"Inawasha taa."

"Taa gani?"

"Ile ya kijani."

"Ya kijani ipi?"

"Ile iliyopo kwenye betri, inayoonyesha kwamba inachaji."

"Na betri ikijaa, inawasha nini?"

Fundi viatu alilitafakari swali. "Haijawahi kujaa."

Fundi wa sola alikohoa. "Mzee, naomba niseme. Huyu ameigeuza paneli yake, ikatazama barabarani."

"Watu wanapita barabarani," fundi viatu alisema. "Ununue kitu cha ghali namna ile halafu ukielekeze mbinguni, nani atakiona?"

Mwiko uligonga meza. Ikafika zamu ya fundi wa sola, kijana mtanashati mwenye vumbi la mapaa kwenye kope. Alieleza bila kuficha. Paneli zenyewe si mzigo mkubwa, zitadumu hata kuwazika baadhi ya waliomo sebuleni, asamehewe kwa kusema. Kinachouma ni betri. Betri ni ghali, na betri huchoka.

"Na jua lenyewe?" aliuliza Bwana Ahirisha.

"Jua ni bure, mzee."

"Kama ni bure, unatuuzia nini?"

"Nawauzia vifaa vya kulikamata."

"Likamatwe kwa kosa gani?"

Fundi viatu alicheka mpaka akajishika mbavu, na Bwana Ahirisha, ambaye aliona fahari kubwa kwa swali lile, akasubiri kicheko kiishe. Kilipoisha, nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyopaswa. Mkewe ndiye aliyejua kilichopungua. Kule stoo, feni haikuwa ikinguruma.

"Baba, umeme umekatika," alisema, akiwa amekwisha simama.

"Mlalamikaji atasema zamu yake ikifika."

"Mayai yatapoa."

"Hakuna kutoka mpaka baraza liinuke."

Mkewe alimtazama kama mtu anavyolitazama basi lililokwisha kuondoka, bila hasira, akipima tu umbali wa kwenda kwa miguu. Kisha akapita mbele ya meza ya pasi na kwenda stoo. Tangu waoane hakuwahi kutoka baraza likiwa limekaa. Mwiko ulibaki hewani.

"Hapo sheria inasemaje?" fundi viatu alinong'ona.

Bwana Ahirisha aliushusha mwiko mezani bila kugonga.

Habari zilifika kabla ya chai ya jioni: transfoma ya kona ya barabara imelipuka, na mafundi wameitazama, wakatikisa vichwa, wakaondoka na ngazi yao. Si leo, wala si kesho. Mke wa Bwana Ahirisha aliizungushia mashine mablanketi, akaingiza chupa za maji ya moto. Chupa zilikuwa za moto mno, halafu vuguvugu, halafu baridi. Binti yao alipofika kutoka kazini, akiwa bado na sare yake ya uuguzi, alimkuta mama yake amepiga magoti mbele ya sanduku kama mtu anayeuguza.

"Mama, yanataka joto gani?"

Mama akamwambia. Binti akageuza shingo taratibu na kuchungulia sebuleni. Pale, katika baridi iliyowafanya watu wote mtaani wavae masweta, baba yake alikaa na fulana ya ndani, kitambi mbele, akijipepea na mfuniko wa sufuria. Alikuwa hivyo sikuzote. Alilala bila shuka, na ukuta wa upande wake wa kitanda ulikuwa umebadilika rangi. Binti alimwendea, akampachika kipima joto kwapani bila kueleza chochote, akasubiri, akakisoma.

"Baba, vua viatu."

"Vya nini?"

"Ukalale."

"Siumwi mimi."

"Najua. Ndiyo maana."

Alipoelewa wanachotaka, Bwana Ahirisha alisimama. Alisema jambo hili ni zito, linahitaji kusikilizwa.

"Limesikilizwa," binti alisema. "Kule stoo."

"Kwa nini asilale mama yako?"

Mkewe alijibu akiwa ameshika trei, sauti yake imetulia. "Mimi nina kuku wa kulisha na wateja mlangoni, na mikono yangu unaijua ilivyo baridi. Kazi hii inataka mtu mnene, mwenye joto, asiye na shughuli, anayeweza kukaa kutwa nzima bila kuamua lolote. Sijamtaja mtu."

Wakamlaza. Mayai yalipangwa juu ya taulo kuzunguka kitambi chake, mengine kwapani, mengine kati ya mapaja, kitambaa chenye unyevu juu yake na blanketi juu ya vyote. Kila yai lilikuwa na alama ya penseli upande mmoja na alama nyingine upande wa pili, ili mwenye kuyageuza ajue alipofika. Aliagizwa asicheke, asikohoe, na asipige chafya hata nyumba ikiungua. Mkewe alikuja kuyageuza, na kila alipomaliza aliyafunika kwa upole ambao mumewe hakukumbuka kuuona ukielekezwa kwake, akakumbuka pia kwamba alikuwa hajauomba.

Habari haina miguu lakini hutembea. Kesho yake fundi viatu alisimama kwenye mlango wa chumba, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Funga mlango, unaingiza baridi."

"Nimekuja kukujulia hali. Watu wanauliza utataga lini."

Bwana Ahirisha alitaka kumfukuza, lakini kufukuza mtu kunatikisa tumbo. Alifumba macho.

Ukiwa umelala chali mchana kutwa, huna pa kuzikimbilia fikra zako. Bwana Ahirisha aliitazama dari, doa la mvua lililofanana na nyundo, na majina yakaanza kumrudia. Hayakuwa majina ya walioitika. Yalikuwa ya wale walioitwa pakawa kimya. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye kesi ya kiwanja. Kila tarehe alikuja na mfuko wake wa plastiki, Bwana Ahirisha akaita jina lake, mwanamke akaitika, "Nipo," na kesi ikaahirishwa, naye akaondoka akimshukuru, kana kwamba amepewa kitu. Siku moja Bwana Ahirisha aliita mara tatu, mlango ukabaki mtupu, hakimu akaahirisha, naye akatangaza. Baadaye ndipo aliposikia kwamba wakati ule yule mama alishazikwa. Alikuwa amemuahirisha hata baada ya kufa. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, na wala yeye mwenyewe hakuwahi kulisikiliza. Alikuwa ameliahirisha.

Mvua ilikuwa imekatika. Mkewe alikuwa uani, binti kazini. Hapo kitu kikamgonga kwenye ubavu.

Alidhani ni moyo. Kikagonga tena, kidogo, kama mtu anayebisha akiogopa kusumbua. Bwana Ahirisha aliinua pindo la blanketi, akainamisha kidevu. Hakujua mtu anayeishi ndani ya yai anasemeshwaje. Alijua namna moja tu ya kumsemesha asiyeonekana.

"Mlalamikaji," aliita, kwa sauti ya chini kabisa. Kimya. "Mlalamikaji." Kimya. Akaona aibu, akakaribia kuacha, lakini kazi ni kazi. "Mlalamikaji."

Ndani ya yai, waziwazi, kitu kililia *pii*.

Mkewe alipoingia kugeuza mayai alimkuta mumewe machozi yanamtiririka kuelekea masikioni, maana hakuthubutu kuinua mkono kuyafuta. "Umebanwa na nini?" aliuliza. "Hakuna," alisema Bwana Ahirisha. "Wanaitika."

Vifaranga vilianguliwa pale kitandani, kimoja baada ya kingine, vikimkanyagakanyaga tumbo kwa miguu yenye ubaridi. Umeme ulirudi kifaranga cha mwisho kikiwa bado na ganda kichwani kama kofia. Haikuwahi kupatikana trei iliyotoa vifaranga vingi hivyo, na vyote vilikuwa na jambo moja lililowashangaza majirani: viliamini Bwana Ahirisha ni mama yao. Alipokwenda chooni, walinzi wa manjano walimsubiri mlangoni. Alipokwenda kunyolewa, kinyozi alilazimika kuwatandikia gazeti.

Sasa mkewe, mwanamke mwenye akili ya biashara, akakaa chini na kufikiri. Mashine inakula umeme na kuua mayai. Mumewe anakula hata asipofanya kazi, na hakuua yai. Akatoka stoo na trei nyingine.

"Umeme si umerudi?" Bwana Ahirisha alisema.

"Umerudi kutusalimia. Vua viatu."

Ndipo mambo yalipogeuka juu chini. Bwana Ahirisha, akiwa amezungukwa na mayai, aliomba kufungua kesi. Aliomba paneli za sola. Mkewe alisikiliza akiwa amekalia kigoda mlangoni, akimenya viazi. Mlalamikaji alieleza maumivu ya mgongo, alieleza mwasho wa mguu asioweza kuukuna, alieleza heshima ya mtumishi mstaafu wa umma. Alieleza vizuri; mkewe alikiri kwamba ameeleza vizuri.

"Lakini betri ni ghali," alisema, "na huchoka. Na jua likikosekana? Hatujamsikia shahidi wa jua." Akakitupa kiazi kwenye sufuria ya maji. "Kesi imeahirishwa mpaka tarehe itakayotajwa."

Bwana Ahirisha alikuwa ameyatamka maneno yale mara nyingi kuliko alivyotamka jina la mtu yeyote. Hakuwahi kuyasikia akiwa upande huu. Yalisikika kama mlango unaofungwa taratibu na mtu mwenye adabu.

Kiangazi kilianza. Kila mchana, akiwa chini ya blanketi, alisikia bati likilia *ta, ta* kwa joto, jua lote lile likimwagika juu ya kichwa chake na kupotea bila kufanya kazi yoyote, wakati yeye chini yake akifanya kazi ya jua. Jambo hilo lilimsumbua kwa namna asiyoweza kuieleza. Siku moja mkewe alipokwenda kununua chakula cha kuku, alinyoosha mkono mmoja polepole, akaichukua simu, akampigia fundi wa sola. Alimwambia aje na ngazi.

Fundi alifika, akasimama miguuni pa kitanda, asijue atazame wapi.

"Mzee, ile kesi iliisha?"

"Imeisha. Hukumu imesomwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Nimeisoma nimelala, kwa sababu unazoziona."

Fundi alikuwa mkweli, na ukweli ulimtaka aseme tena. "Lakini mzee, hesabu ni zilezile. Betri itachoka. Siwezi kukuapia kwamba kitu hiki kitalipa."

"Sikuulizi kama kitalipa," alisema Bwana Ahirisha. "Nami pia nitachoka. Tofauti yetu ni kwamba betri nyingine inapatikana dukani."

Fedha zilitoka kwenye kiinua mgongo chake, kilichokaa benki tangu astaafu kikisubiri uamuzi. Aliona ni haki kitumike kuuinua mgongo kweli.

Mkewe aliporudi na gunia kichwani alisikia watu wakitembea juu ya nyumba yake. Aliingia chumbani akalitua gunia mlangoni.

"Nani ameamua?"

"Mimi."

"Bila mashahidi?"

"Mmoja alinitosha," Bwana Ahirisha alisema, akilifunika vizuri yai la ubavuni.

Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, kwa uangalifu, upande usio na mayai. Juu yao nyundo iligonga. Aliitazama dari, kisha akautazama uso wa mumewe, uliolowa jasho na kujaa hofu kama wa mtu aliyetoka kusomewa hukumu yake mwenyewe. Akachukua pindo la khanga akamfuta kipaji cha uso. "Geuka kidogo," alisema. "Nikukune mguu."

Mayai yakarudi mashinani. Siku umeme ulipokatika tena ilikuwa mchana. Redio ya fundi viatu ilinyamaza, mashine za kuchomelea zikanyamaza mtaa mzima, na kwenye stoo ile feni ikaendelea kunguruma kana kwamba haikuambiwa. Mkewe alisimama mbele ya kioo akiangalia. Baada ya muda alihisi mtu nyuma yake.

"Inafanya kazi," Bwana Ahirisha alisema.

"Inafanya."

Hakuondoka. Alisimama mlangoni, mikono ikimning'inia kama kitu alichosahau kukiweka mahali. "Nipe moja," alisema hatimaye.

"La nini?"

"La akiba. Huwezi jua. Vifaa hivi ni vya kununuliwa tu."

Mkewe aliifuta mikono kwenye khanga. Kisha akapita kando yake, akaingia jikoni, akarudi na yai, akamtia kiganjani. Bwana Ahirisha aliligeuza upande mmoja, akaligeuza upande wa pili. Halikuwa na alama ya penseli. Lilikuwa yai la kukaanga. Mtu aliyekaa mahakamani maisha yake yote anakijua kielelezo cha uongo akikishika, naye alikijua. Alilitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akalifunika kwa kiganja, akatoka kwenda kukaa juani kando ya ukuta. Vifaranga vya trei ya kwanza, ambavyo sasa vilikuwa na shingo ndefu na tabia mbaya, vilimfuata na kujipanga miguuni pake.

Fundi viatu aliinua kichwa kutoka kwenye soli. Siku hizi paneli yake ilitazama juu, ingawa alilalamika kwamba hakuna anayeisifia.

"Bwana Ahirisha, na hilo litatotolewa lini?"

Mzee aliliweka sawa yai mfukoni.

"Tarehe itatajwa," alisema.